Mnyoo wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Juni
Dada katoa hukumu wakati wa kula: chumba cha nyuma kinatosha mtu mmoja. Jumapili mmoja wetu afungashe, mimi au Kijiko, binamu wa shemeji. Haki iko wapi? Nimekaa hapa miaka sita bila kumsumbua mtu, wala sijawahi kuwaingilia kazi ya kuosha vyombo! Kijiko kaja juzi tu, na anakula kama kaazima tumbo la pili.

Kazini, maabara ya zahanati, nikiosha vioo vya darubini, nilimdadisi mtaalamu wetu kuhusu minyoo. Alisema askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hawawezi kummeza mnyoo, ni pande la mtu. Wanamgundua zaidi kwa uharibifu wake. Ukuta wa utumbo ukikwaruzwa, chembe zake hupiga yowe. Ndipo askari wanapofurika kumtemea sumu, na utumbo unamwaga ute kumsukuma nje. Ila mnyoo mjanja huwabembeleza walinzi, akakaa miaka.

Huyo mnyoo ni Kijiko kabisa! Kinachokosekana ni mkwaruzo wa kumfichua.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwaruza kochi la dada kwa uma. Nikapiga yowe kwamba ni Kijiko. Dada akaja mbio, akasema Kijiko yuko kazini tangu alfajiri. Akauliza huo uma mkononi ni wa nini. Nikasema ni ushahidi.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango mpya, wa kisayansi. Nimewashawishi wote tupimwe damu. Askari wa kupambana na minyoo wakionekana wengi kwa Kijiko, kwaheri yake!

Ijumaa, 7 Juni
Majibu! Nimeyasoma kwa sauti sebuleni. Kijiko: askari wachache. Maskini wa Mungu! Mimi: wamefurika kupita kiwango. Nikageuza hesabu papo hapo, nikajipiga kifua, nikamwambia Kijiko anaishi bila mlinzi. Dada akampigia mtaalamu simu. Mtaalamu akacheka hadi akakohoa. Akasema jeshi halimwagiki barabarani bila adui. Nipeleke choo kipimwe haraka.

Jioni choo kikasema yote. Kijiko akauliza, kwa adabu zake za kuudhi, kama wageni wangu nao wana miaka sita. Dada akasema pole mdogo wangu, yowe limesikika.

Jumapili, 9 Juni
Dawa nimemeza. Nimefungashiwa. Niko kwa mjomba. Kasema nikae nipendavyo. Mpole kabisa, hajui kupiga yowe.

Tatizo moja: mpangaji wa chumba cha mbele. Anatia sukari vijiko vitatu kwenye chai. Sukari yetu! Mnyonyaji mkubwa.

Bahati nzuri, uma nimekuja nao.