Kelele za Mama Neema

Jamani, leo nimejianika mwenyewe mchana kweupe.

Nafundisha Waganda Kiswahili kwa simu, chumbani kwangu hapa Nsambya. Leo nilikuwa na somo la majaribio na Ssalongo, baba wa mapacha, anayewauzia Wakongo vitambaa kule Kawempe. Alishaniambia akiridhika atawaleta na wafanyakazi wake wote. Basi jana jioni, umeme umekatika, nikapanga chumba. Friji nikaisukuma hadi ukutani nipate nafasi ya kiti, vifuniko vya sufuria nikavirundika juu yake. Pakapendeza.

Umeme umerudi leo tukiwa katikati ya somo. Ikaanza: nguruuu, chakachaka, nguruuu. Nikajua tu ni Mama Neema, jirani yangu Mkongo, anasaga juisi zake za kuuza. (Blenda yake naijua. Inaunguruma kama lori.) Nikavumilia. Kelele ikaniingia mpaka kwenye meno. Nikasahau ninachofundisha, nikamkaripia Ssalongo kwa kosa ambalo hakulifanya. (Somo lenyewe lilikuwa salamu na adabu.)

Uzalendo ukanishinda. "Ssalongo, subiri kidogo." Nikatoka mbio, simu mkononi, sikuikata.

Hodi sikupiga. "Wewe mama, huna ubinadamu? Kichwa kinanipasuka, wewe unasaga tu!"

Mama Neema alikuwa amekaa na wageni wake wa kanisani, Biblia magotini. Akaniangalia kwa huruma. "Dada, mashine yangu ilishakufa. Iko kwa fundi tangu juzi." Akaonyesha ukuta wa upande wangu. "Ile kelele iko kwako. Sisi tunaomba Mungu atupe uvumilivu."

Nikasikiliza. Nguruuu, chakachaka. Friji yangu na vifuniko vyangu, vinapiga ngoma kwenye ukuta wa watu.

Wageni wakainamisha vichwa. (Mmoja mabega yalikuwa yanatikisika, na ile haikuwa sala.) Nikatamani ardhi inimeze. Ndipo sauti ikatoka mkononi mwangu:

"Mwalimu, mimi bado iko hapa. Salamu nimeelewa. Sasa nifundishe kuomba msamaha."

Nikampigia Mama Neema magoti palepale, kwa desturi ya Kiganda, nikaomba msamaha kwa sauti Ssalongo asikie: nikamfundisha kwa vitendo.

Friji nimeivuta. Mama Neema amenisamehe. Ssalongo naye karidhika, wafanyakazi wanaanza Jumatatu. Ila kumbe walikuwa naye dukani muda wote, simu iko kwenye spika. Haya, nyie mnaocheka, niambieni: watu hao naanzaje kuwafundisha adabu?