Mawazo ya Nani?

Redio ya mzee Taarifa ilikuwa haijamaliza habari, tayari benchi la nje ya duka la kinyozi limeshachemka. Mtangazaji kasema ule ugonjwa wa uchovu usiokwisha umewagawa madaktari: hawa wanashikilia umo mwilini, wale wanadai unachochewa na mawazo.

"Wamekutaja, Msumari!" akasema Taarifa, karani mstaafu asiyepitwa na habari hata ya msiba wake mwenyewe.

Msumari, seremala aliyezoea kubeba mlango peke yake na sasa anapumzika kati ya kuvaa kiatu cha kulia na cha kushoto, hakucheka.

"Ndivyo alivyoniambia daktari juzi. Eti nina mawazo."

"Wewe?" Kipara, kinyozi, akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. "Kichwa hicho nakinyoa tangu ujana wetu. Kingekuwa na wazo, ningeligonga."

"Cheka tu. Mama watoto alikuwepo. Tangu siku hiyo swali lake ni moja: mawazo ya nani?"

Benchi zima likamgeukia. Hata mteja akageuka, nusu kanyolewa.

"Lo! Daktari kakuozesha mke wa pili bila mahari," akasema Taarifa.

"Na leo mama watoto anakuja hapa. Anasema nyinyi ndio mnaomjua huyo mwanamke. Asiporidhika, anarudi kwao."

"Si umwambie ni mwili?" akauliza Kipara.

"Vipimo vyote safi, bwana! Nitokee wapi?"

"Ila mawazo nayo yanaumiza, jamani," Taarifa akatafakari. "Mimi nilipostaafu, tumbo liliniendesha wiki nzima."

"Ile ilikuwa sherehe ya kukuaga. Ulikula kwa hasira," akamkata Kipara.

Hawajamaliza kubishana, mama watoto huyu hapa, mikono kifuani.

"Hamjambo, mashemeji. Ni nani huyo?"

Kipara akainua mashine kama anayeapa mahakamani. "Shemeji, haki ya Mungu, huyu hajawahi kuwa na wazo hata moja."

"Hata la dharura," Taarifa akakazia.

Mama akamkagua mumewe juu mpaka chini. "Hilo naliamini." Mikono ikashuka. "Haya, inuka twende."

Msumari akashika ukingo wa benchi, akajaribu. Akajaribu tena. Jasho likamtiririka kama anayeng'oa kisiki. Kipara akaweka mashine chini, akamshika mkono mmoja. Taarifa akazima redio, akashika wa pili.

Mke akachutama mbele yake, akayagusa yale magoti yaliyokuwa yakitetemeka.

"Baba watoto," akasema taratibu, "mawazo gani haya yanayokaa magotini?"