Itifaki ya Diski: Hotuba ya Mkurugenzi Kambi

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye ametuma udhuru. Waheshimiwa madiwani mliofika na mlio njiani. Machifu na manaibu wenu kutoka Gede, Marereni na Vitengeni. Mashekhe, wachungaji na wazee wa kanisa. Walimu wakuu na walimu wa kawaida. Wafanyakazi wa chumvi mlioruhusiwa kutoka kazini hadi saa sita. Bwana Mkurugenzi wa Idara ya Hifadhi ya Kumbukumbu za Mwambao, ambaye ni mimi, Joram Kambi. Bwana Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Kuchagua Itifaki ya Diski, ambaye pia ni mimi. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti ya chini zaidi.)

Siku hii ya leo, Jumatano, mwezi wa tatu, mwaka 1987, itaandikwa katika historia ya Malindi, na kama hakuna mwingine atakayeiandika nitaiandika mwenyewe, kwani ripoti ya kamati yangu ina kurasa mia mbili na kumi na mbili na bado kuna nafasi mwishoni. (Makofi machache.)

Ndugu wananchi, mwezi wa sita mwaka 1984 Idara yetu iliazimia, kwa kauli moja, nayo ilikuwa kauli yangu, kwamba madaftari yote ya vizazi na vifo kutoka Malindi, Kilifi, Gede, Marereni na Vitengeni yakusanywe katika ghala moja hapa mjini, yafungwe kwa kufuli, asiyaguse mtu, ili data isichafuliwe kabla ya kuingizwa katika kompyuta. Na si kompyuta ya hivi hivi. Ilikuwa iwe kompyuta moja kubwa ambayo ndani yake, kwa ufundi wa programu, zingezaliwa kompyuta tano za kufikirika, moja kwa kila ofisi, hata karani wa Vitengeni angeamini ana mashine yake na diski yake peke yake, hali wote watano wanakula sahani moja. (Vicheko upande wa Vitengeni.)

Sasa, kila moja ya mashine hizo ilihitaji programu ndogo iitwayo draiva, ambayo ni mkalimani kati ya mashine na diski inakohifadhiwa data. Na mkalimani lazima awe na utaratibu wa kusema, ndio huo tunaouita itifaki. Akaletwa mtaalamu kutoka Nairobi, Bwana Gitau, akasimama mbele yetu na chaki, akatuambia ziko itifaki mbili. Ya kwanza tukaipa jina la Hatua: draiva huiamuru diski kila kitu, sogeza kichwa chako cha kusomea mpaka mstari wa mia mbili, ngoja, haya sasa soma. Ya pili tukaiita Ombi: draiva husema tu, nipe kipande namba elfu nne, na jinsi ya kukitafuta inajua diski yenyewe.

"Bwana Mkurugenzi," akasema Gitau, "diski zako hizi tano ni za kufikirika. Hazina kichwa cha kusogezwa. Ukichagua Hatua, draiva itakuwa inakiamuru kichwa ambacho hakipo, na ile kompyuta kubwa itapoteza muda ikijifanya imekisogeza. Chagua Ombi."

Alitumia dakika kumi, akamaliza soda yake, akarudi Nairobi. Mimi nikaona jambo zito namna hii haliwezi kukatwa kwa dakika kumi. Nikaunda kamati.

Kamati ilikaa vikao thelathini na kimoja. Ilizaa kamati ndogo nne, na moja kati ya hizo ilikaa mwaka mzima ikijadili kama neno "itifaki" liandikwe kwa herufi kubwa. Mahudhurio yalikuwa asilimia mia moja na nne, kwa sababu wakati wa chakula tulikuwa wengi kuliko waliosajiliwa. (Vicheko.) Na katika vikao vyote hivyo mwenyekiti alitetea Hatua. Leo niseme kwa nini, maana nimejiuliza sana wiki hii. Niliipenda kwa sababu ilifanana nami. Katika ofisi yangu hakuna faili linalotoka kabatini mpaka niseme liinuliwe, nani aliinue, na baada ya kuinuliwa lingoje wapi. Nilipomsikia Gitau akieleza chombo kinachoamriwa kila hatua, nikaona hiyo ndiyo serikali.

Mbele pale amekaa mama mmoja, Bi Mwikali, mfanyakazi wa chumvi Marereni. Naomba msimtazame sana, hapendi. Mama huyu ana binti, Easter, ambaye mwaka jana alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa. Bi Mwikali akafika ofisini kwangu, nikamweleza kwa upole mwingi kwamba daftari lenye jina la binti yake lipo, salama salimini, ila haliwezi kufunguliwa kabla ya itifaki.

Akaniuliza, "Huyo Itifaki anakuja lini? Niambie anapokaa, niende nimuone mwenyewe."

Nilicheka siku ile. Niliwasimulia kamati nzima nao wakacheka, na jambo hilo limo katika kumbukumbu za kikao cha ishirini na mbili. Bi Mwikali akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Nafasi ya Easter akapewa mtu mwingine, na yule binti akaenda kukwangua chumvi na mama yake mwaka mzima. Mwaka huu akaomba tena, akachaguliwa tena, na mwisho wa kupeleka cheti ni Ijumaa. Yaani keshokutwa. (Minong'ono.)

Ijumaa iliyopita niliingia ghalani kuchagua madaftari mazuri ya kupamba jukwaa hili. Nikakuta kufuli liko wazi. Ndani amekaa Bi Hindu, karani wetu mwandamizi, mzaliwa wa Lamu, mwenye miaka kumi na tisa kazini, amezungukwa na masanduku ya viatu, na kila sanduku limejaa kadi. Jina, kijiji, daftari, ukurasa. Kadi elfu kumi na moja, zimeandikwa kwa mkono wake, saa za chakula, kwa muda wa miaka miwili na nusu. Nikamwambia amevunja amri, ameichafua data.

"Nimeivunja, bwana," akasema, wala hakuinuka. "Mtu akija huniambia jina na kijiji, nami humtafutia. Sihitaji kuambiwa nianze kwa mguu gani. Niandikie barua ya onyo, nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini binti wa Mwikali nimeshampata, yumo katika daftari la 1968. Kilichobaki ni sahihi yako."

Nami nikaandika barua ya onyo. (Sauti: "Aa, bwana.") Ndiyo, niliandika, nikaipiga muhuri, nikatoka nimejaa heshima. Cheti sikukitia sahihi. Nikarudi mezani kuandaa hotuba hii, nikaagiza faili la mtambo wetu wa kompyuta niletewe, ili niwatajie uzito wake na namba zake. Nililisoma faili lile mara mbili. Kisha nikalirudia mara ya tatu, mpaka karani aliyelileta akaniuliza kama naumwa.

Lakini hotuba ni hotuba, na itifaki imepatikana. Natangaza rasmi kwamba baada ya miaka mitatu ya utafiti wa kina, kamati, dhidi ya kura ya mwenyekiti wake, imechagua Ombi, kama tulivyoambiwa siku ya kwanza kabla soda haijaisha. (Makofi.) Nikisema Kumbukumbu, nyinyi mseme Imara. Kumbukumbu. (Imara.) Kumbukumbu. (Imara.) Diski. (Sauti moja tu: "Imara.") Ahsante, ndugu yangu, wewe una moyo.

Nimebakiwa na shukrani. Nawashukuru mafundi waliopaka rangi chumba cha mtambo. Namshukuru Bwana Gitau, ambaye hatujamjibu barua zake sita. Nawashukuru nyote kwa kuacha kazi zenu mkaja kuzindua kompyuta ambayo haipo, haijapata kuwepo, wala haikuagizwa, kwa sababu fomu ya kuiagiza imelala ndani ya faili lile tangu 1984, na juu yake nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: Isubiri itifaki. (Kicheko, kwanza nyuma, halafu ukumbi mzima.) Chekeni. Nimestahili.

Barua ya Bi Hindu nimeichana asubuhi hii. Chumba kilichopakwa rangi ni chake na masanduku yake, na dirisha la kuhudumia wananchi litafunguliwa mara nitakaposhuka hapa. Cheti cha Easter hiki, nakitia sahihi mbele yenu. Bi Mwikali, nakuomba uje. (Bi Mwikali anapanda jukwaani. Anakisoma cheti taratibu, kidole juu ya kila neno. Anasema jambo ambalo maikrofoni hailichukui.)

Anasema jina limeandikwa sawasawa, lakini hapa pameandikwa Vitengeni, na mtoto alizaliwa Gede. (Kicheko.) Anauliza kama marekebisho nayo yana kamati.

Hayana, mama. Keti kwenye kiti changu hicho. Bi Hindu, niletee fomu nyingine, na safari hii nisomee wewe daftari, mimi niandike.