Buluu ya Munganga

Jumatatu, 4 Juni 2001

Nimeudhika. Mke wangu Uwera anataka kitambaa cha marehemu mama yake kipelekwe kwa jirani yetu Théoneste kikatiwe rangi. Kwa Théoneste! Ni kile cheupe ambacho mama mkwe alimbebea Byiringiro wetu mgongoni tulipokimbia kutoka Uvira kuja huku Rwanda mwaka wa tisini na sita. Mwaka uliofuata mama mkwe alifariki, na kitambaa kikafungiwa sandukuni. Sasa mdogo wake Uwera anaolewa Jumamosi, na Uwera anataka kukivaa kikiwa cha buluu, ili mama naye awepo harusini.

Nimesema: mume yupo, jirani wa nini? Ameniangalia sana. Mwishowe amekubali, ila nikikiharibu, hatanisamehe. Wanawake hawajui kuamini!

Jumanne, 5 Juni

Upelelezi. Nimechuchumaa nyuma ya ua wa Théoneste mpaka miguu ikafa ganzi. Anafunga maharage ndani ya kitambaa kwa uzi, kila harage na fundo lake, kisha anakitumbukiza katika chungu cha majani ya nili, eti ndiyo yanayotoa buluu. Fundo likifunguliwa, panabaki duara jeupe. Hayo hata mimi naweza. Lakini mbona buluu yake haichujuki? Na mbona chungu chake kinanuka hivyo? Macho yaliniwasha.

Ndipo nikamsikia akimuuliza mkewe kwa Kinyarwanda kama amaganga yamekwisha. Bila amaganga, alisema, rangi haishiki.

Amaganga! Nimezaliwa Kongo, na Kinyarwanda changu kinachechemea, lakini hapo sihitaji mkalimani. Kwetu Kongo daktari si ndiye munganga? Basi amaganga ni vitu vya munganga. Dawa ya hospitali! Yale majani ni ya kuwadanganya wanaochungulia. Mjanja yule.

Uwera kaniuliza mbona najikuna shingo. Nimesema ni mawazo.

Jumatano, 6 Juni

Zahanati. Nimeomba methylene, ile dawa ya buluu ya kupaka kooni. Nesi akataka kuliona koo lenyewe. Nikapanua mdomo. Akanipaka kwa pamba mpaka nikakaribia kutapika. Mvumilivu hula mbivu.

Nikamweleza kwamba nyumba nzima inaumwa koo, na shemeji, na wageni wa harusi. Akanihurumia: "Pole sana, Papa. Ni magonjwa gani ile?" Nimetoka na chupa kubwa.

Uwera ameuliza nimekula nini. Nimejibu kwa kutikisa kichwa. Ulimi wangu ni wa buluu mpaka kwenye shina.

Alhamisi, 7 Juni

Uwera alikwenda sokoni Kamembe. Nafasi! Nimefunga maharage. Mafundo yangu yamepinda kidogo, lakini yana roho. Nikamimina chupa yote katika sufuria ya bugali, nikatumbukiza kitambaa. Buluu! Buluu ya kutisha! Nilicheza peke yangu jikoni.

Nikapita mbele ya Théoneste makusudi na kumsalimu kwa sauti. Akaitazama mikono yangu, kisha mdomo wangu. Akauliza kama naumwa. Wivu mtupu.

Ijumaa, 8 Juni

Balaa. Nilikisuuza kitambaa, na buluu yote ikaondoka na maji. Kimebaki madoa tu, hapa zambarau, pale kijivu, kama uso wa mtu aliyepigwa.

Uwera akaingia. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikaa chini, akakilaza magotini pake, akasema polepole: "Ni hii tu njo mama alituachia." Nilitamani ardhi inimeze. Nampenda mwanamke huyu, na ona nilichomfanyia.

Akakibeba kwenda kwa Théoneste. Nikamfuata kwa mbali. Théoneste akauliza nilishikisha rangi kwa kitu gani. Nikasema, kwa heshima zote: kwa amaganga. Ya zahanati.

Halafu akamwita mkewe aje asikie. Walicheka wakishikana mabega wasianguke. Théoneste akapaza sauti: "Papa Byiringiro! Amaganga ni mukojo ya ng'ombe! Mukojo!" Uwera naye akacheka, machozi bado mashavuni. Hapo tu nikaweza kupumua.

Théoneste amekifua vizuri bila kufungua mafundo yangu, akakizamisha katika chungu chake. Kilipotoka kilikuwa cha kijani. Nikafikiri tumekwisha. Mara hewa ikakigusa, na mbele ya macho yetu kikageuka buluu, kidogo kidogo, mpaka ukingoni. Uwera akaushika mkono wangu, akaushikilia.

Jumapili, 10 Juni

Harusi ilikuwa jana. Uwera alicheza na kitambaa begani. Bibi harusi alipokiona alimkumbatia dada yake, wakalia wote wawili, nami nikalia nyuma ya makreti ya bia ya Primus. Shangazi yao akauliza ni nani aliyefunga miduara ile, maana imepinda kwa namna ya kupendeza. Uwera akajibu: "Bwana yangu." Bwana yangu! Nilishindwa kula. Baadaye nilikula.

Tuliporudi nyumbani nilimwapia Uwera kwamba sitagusa tena rangi maishani.

Lakini hii ni zawadi, si rangi. Kilemba chake cheupe cha kwaya hakifanani hata kidogo na kile kitambaa. Kwa hiyo baada ya misa nimekwenda Rwimbogo, kwa mzee Ndayambaje mfuga ng'ombe, nikarudi na dumu zima la amaganga halisi, bado ya moto. Majani sikuchukua. Mimi si wa kudanganywa.

Kilemba kiko ndani ya dumu tangu mchana. Buluu bado. Kimeanza kuwa cha manjano kidogo. Kosa ni la ng'ombe, bado ni mdogo. Kesho nitatafuta aliyekomaa.