Ioni Yangu na Dipoli Yake Kubwa

Jumatatu, 9 Februari
Theluji tena. Profesa Lindqvist ametangaza kuwa mmoja wetu, mimi au Odile Thibodeau, ataenda mkutanoni Chicago kueleza hesabu za dipoli, yaani jinsi chaji chanya na hasi zinavyoachana ndani ya molekuli. Ataamua Ijumaa. Odile anahangaika na molekuli moja ya sukari. Namba ya dipoli yake ni ndogo, inatia huruma. Nani atatoka kwao kwenye baridi hii kuona namba ndogo?

Jumanne, 10 Februari
Nimechagua ioni, yaani molekuli yenye chaji iliyozidi. Kompyuta imetoa dipoli ya tano. Nikaisogeza ioni ili mchoro upendeze. Tisa. Nikaisogeza zaidi. Thelathini na moja! Sikuuliza kwa nini. Ningechelewa chakula.

Jumatano, 11 Februari
Odile kaja na supu yake, akaniuliza kwa upole kama nimeangalia sifuri ya mchoro wangu, pale vipimo vinapoanzia, iko wapi. Nikamwambia, "Dada, wivu huo." Akasema, "Haya bwana, shauri yako." Nimegeuza skrini ielekee ukutani. Anataka kuniibia, ni dhahiri.

Ijumaa, 13 Februari
Kikao. Nikaitangaza thelathini na moja. Profesa akashika kipanya cha kompyuta, akaisukuma ioni yangu kidogo. Sitini. Akairudisha upande wa pili, namba ikashuka hadi sifuri. Akaeleza kuwa chaji ikizidi, dipoli hutegemea ulipoanzia kupima. Sukari ya Odile haina chaji iliyozidi, kwa hiyo hata ukiihamishia Alaska, namba ni ile ile.
"Wendell," akasema, "hapa hukupima molekuli. Umepima umbali wake kutoka kona ya mchoro."
Walicheka mpaka wakapangusa macho. Odile hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ataenda yeye. Nimempongeza, kwa kifupi.

Jumamosi, 14 Februari
Odile amenipigia simu. Eti nimsaidie kurudia hesabu ya mwisho ya sukari yake, na jina langu litakuwa kwenye bango atakaloonyesha Chicago. Muungwana, lazima nikiri. Nimekubali.

Jumapili, 15 Februari
Nimeisukuma sukari yake huku na huku mchana kutwa. Haibadiliki hata chembe. Hivi kweli aende Chicago na kitu kama hiki? Nimeiongezea chaji moja na kuisogeza mbali. Arobaini na nne. Nimeshapeleka bango kuchapwa. Sijamwambia, nataka akalifungulie hukohuko, mbele ya watu, afurahi.