Malaika wa Miguu yenye Mabawa

"Ondoa mishumaa yako, Mama Nunzia, mteja anapanda ngazi!"

"Ondoa wewe hiyo suti ya maiti, Totonno! Malaika wetu..."

"Malaika gani? Huyu ni Merkurio, mungu wa wafanyabiashara na wezi!"

"Aa, kumbe ndugu yako!"

Kwa haki, mama wa watu hakuwa na kosa. Siku manispaa ilipoishusha sanamu ile ya shaba kwenye kiwanja cha juu ya ngazi zetu, hapa kwetu Napoli, hakuna aliyeambiwa ni nani. Kichwa tundu tupu, kifua kama friji iliyogongwa na lori, lakini miguuni kuna mabawa. Wanawake wakakata shauri: malaika, tena mwenye haraka. Wakamwekea mishumaa na sanduku la sadaka, ufunguo ukaning'inia shingoni kwa Mama Nunzia.

Totonno naye, ndani ya suti nyeusi ya msiba, alishajitangaza mpwa wa msanii marehemu aliyeitengeneza, sanamu urithi wake. Mhandisi Valsecchi, tajiri wa Bergamo, kule kaskazini ya mbali, alikubali kuinunua kwa bei ya chuma chakavu, moyoni akicheka kwamba anamwibia mpwa mjinga. Wajanja wawili hao, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Totonno alitaka kitu kimoja tu: bahasha mkononi, kisha ayeyuke.

Mhandisi akatokea juu ya ngazi akichechemea, goti likimuuma, bahasha nene kwapani, akawakuta wanawake wakisali kwa machozi mbele ya sanamu.

"Hawa wanalilia nini?"

"Wanamlilia mjomba," Totonno akadakia. "Alipendwa sana."

"Mjomba wa nani!" Mama Nunzia akaruka. "Huyu anaponya! Baba, lete hilo goti."

Akamkokota mpaka kwenye unyayo wa shaba, kisha akamgeukia malaika, kama tunavyowafanyia watakatifu wetu wakizubaa. "We kichwa tundu! Umelala? Mzee wa watu katoka Bergamo! Fanya kazi, mvivu wee!"

Wanawake wote wakamporomoshea malaika matusi.

Mhandisi akasugua unyayo, akasugua goti. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Goti likishapumzishwa baada ya ngazi zetu hupata nafuu lenyewe, lakini nani amwambie? Machozi yakamtoka.

"Kitu kama hiki hakiuzwi," akasema, akaitumbukiza bahasha nzima sandukuni.

Totonno alilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akapiga magoti kuchungulia kufuli. Mama Nunzia akauzamisha ufunguo ndani ya blauzi.

"Usilie, kijana," Mhandisi akamshika bega, huku akikunja suruali ya mguu wa pili. "Wewe si damu ya aliyemuumba? Basi hapo hapo ulipopiga magoti, hebu nisugulie na hili la kushoto."