Sinia la Karani wa Mishahara

Jumatatu, 14 Julai

Hoteli moja kule Diani inatafuta karani wa mishahara! Hafsa wangu kanisomea tangazo kwenye simu huku nakuna nazi. Nikaiacha nazi. Wanataka mtu wa hesabu na kompyuta. Hayo anayo, mbuzi wetu wote wameishia kwenye karo ya chuo. Wanataka anayejua sheria za makato: kodi, bima ya afya, ile ya nyumba. Anazijua hata usingizini. Lakini tena wanataka mtu wa kutunza siri. Na mtu wa kujibu wafanyakazi wenye hasira bila kupandwa na hasira naye. Hapo moyo ukanipiga. Hafsa mpole mno. Ukimkaripia, machozi.

Mie niliacha shule darasa la nne. Sitaki mwanangu aje kukaanga bajia kando ya barabara ya Msambweni kama mimi. Nikamwambia babake kuwa nitamfundisha mwenyewe. Akasema, Esha, tafadhali. Sikumuuliza tafadhali ya nini.

Jumanne, 15 Julai

Mbinu ya kwanza. Nimewaita wanawake wa chama chetu cha akiba waje wamgombeze Hafsa. Nimewaambia, jifanyeni wapishi na wafua nguo wa hoteli, mwisho wa mwezi, mishahara imekatwa. Fokeni! Nimewakaangia bajia za kuwapa nguvu.

Lo! Wamefoka. Jirani yangu Kadzo kafoka kupita mwaliko. Mikono kiunoni, ati we mtoto umekula jasho langu, hebu tazameni mashavu hayo yalivyonona! Nilitaka kumrushia mwiko. Lakini Hafsa hakulia. Kampa kiti. Kamweleza polepole, mama, hiki kimekwenda kwenye kodi, hiki kwenye bima, na kama kuna kosa langu nitalirekebisha, usijali. Kadzo akapoa. Wote wakapoa, kisha wakaanza kuuliza makato ya kweli ya waume zao. Ushindi!

Baada ya magharibi. Si ushindi. Kadzo kaniuliza kazi yenyewe iko hoteli gani. Nikamtajia, kwa fahari. Nilisahau kuwa binti yake, Cynthia, kasomea mambo yayo hayo. Ameshatuma maombi! Nimejipalia makaa mwenyewe.

Alhamisi, 17 Julai

Zamu ya siri. Nimemwambia Hafsa, kwa sauti ya chini kabisa, kuwa ile pilau ya Kadzo inayosifiwa kila harusi haipiki yeye. Hupikiwa na wifi yake. Kisha nikakaa nisikie kama itatoka.

Asubuhi kimya. Adhuhuri kimya. Mtoto huyu kaburi! Nikaona raha, nikaona uchungu vilevile, maana habari tamu kama ile inaozea ndani. Kwenye bomba la maji nikamdokezea mwanamke mmoja tu. Alasiri Kadzo alikuwa kwenye ua wangu. Kasema kinywa changu nyumba isiyo mlango, hata kuku wanaingia na kutoka. Kasema na bajia zangu hazina chumvi.

Hafsa kafaulu. Mimi nimeanguka, lakini anayetafuta kazi si mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata habari! Mkubwa wa mishahara pale hotelini ni kijana wa Ukunda, Abdulrahim, hajaoa, anakaa na mamake, Bi Twaiba. Tena Hafsa na Cynthia wameitwa, na ndiye atakayewauliza maswali Jumatatu. Basi. Mtu wa adabu haendi kuomba mikono mitupu. Nimepanga sinia: halua, tambuu ya kumfungua mtu mzima kinywa, udi, na doti ya leso mpya. Nikafunika kawa. Nikavaa buibui la Idi.

Bi Twaiba kanipokea vizuri. Shikamoo, marahaba, karibu mkekani. Nikaanza kwa mbali, maana kuomba kazi waziwazi ni ukavu wa macho. Nikasema nina binti, katulia, mwaminifu, hana maneno mengi, na nimekuja kumkabidhi kwa mwanao.

Akafunua kawa. Akatazama tambuu. Akatazama udi. Akatazama leso. Kisha akaniuliza umri wa binti. Akauliza ukoo wetu. Nikajiambia, watu wa hoteli hawa wanachunguza kweli! Akauliza kama anajua kupika. Nikashangaa, karani? Nikasema anapika.

Ndipo akasema tangu azaliwe hajaona upande wa mwanamke ukipeleka tambuu ya posa, lakini dunia imegeuka, na kijana wake amekataa kuoa siku nyingi, kwa hiyo yeye amepokea, alhamdulillahi.

Posa! Moyo ukaniteremka mpaka kwenye ndara. Ilifaa nimwambie ukweli palepale. Lakini alikuwa amefurahi, na tambuu ameshaitia kinywani. Nikasema inshallah.

Jumamosi, 19 Julai

Abdulrahim kampigia simu Hafsa. Kwa adabu sana. Alitaka kujua kama Hafsa ana habari kuwa ameleta posa kwao.

Akaeleza kuwa yeye mwenyewe lazima ajitoe kwenye intavyu, na wakubwa wake atawaambia kwa nini. Karani wa mishahara akipokea kisinia leo, kesho atamwongezea mtu siku ambazo hakufanya kazi. Jambo la kwanza wanalotazama ni mkono usioguswa na zawadi. Kasema hajui kama jina la Hafsa litabaki.

Hafsa kaweka simu chini. Kanitazama. Akalia.

Kelele za chama kizima hazikumliza. Nimemliza mimi.

Babake kaenda kwa Bi Twaiba kuvunja posa kwa heshima na kuchukua sinia. Karudi nalo. Tambuu hakuna hata jani.

Jumatatu, 21 Julai

Jina limebaki! Hafsa na Cynthia wamekwenda kwa tuktuk moja. Nimeshinda na tasbihi, bajia zimeungua mara mbili.

Aliyewauliza ni meneja, mama wa bara. Makato, kompyuta, Hafsa kajibu yote. Halafu, kabla hajaulizwa, kalitaja sinia mwenyewe. Mwanzo mpaka mwisho, na udi wake! Meneja kacheka mpaka kavua miwani. Kisha kamuuliza, na mama huyo akija kukuuliza mshahara wa jirani yake? Hafsa kasema, nitampa chai, nimuulize habari za nyumbani.

Sikupenda jibu hilo.

Jumatano, 23 Julai

Kapata! Hafsa kapata! Miezi mitatu ya majaribio. Nimepiga vigelegele mpaka jogoo la Kadzo limeruka ua. Meneja kamwambia hesabu kila mtu anafundishwa, lakini kusema neno linalokuumiza kabla hujaulizwa, hilo ndilo wanalotafuta. Basi, bila sinia langu angesema nini? Nimemweleza babake hivyo. Katoka nje.

Kuna sharti moja. Mama asikanyage hotelini, wala asimpelekee kitu mtu yeyote wa ofisi. Nimekubali. Nimeapa mbele ya Hafsa, naye kanibusu mkono.

Alasiri Kadzo kaja, mnyonge. Cynthia amekosa. Lakini ameitwa kwingine, Ukunda, Jumatatu ijayo, vilevile kazi ya mishahara. Kadzo kaniambia, shoga, yaishe, hebu nieleze wewe ulifanyaje. Nikamwonea huruma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikampa chai na bajia za chumvi tele.

Tumezungumza tukaelewana. Sharti limemtaja mama. Halikumtaja jirani. Kwa hiyo sinia la shukrani la meneja atalipeleka Kadzo, na la mkubwa wa kule alikoitwa Cynthia nitalipeleka mie.

Safari hii hatuweki tambuu. Mtu asije akasema hatujifunzi.